Springi za Mwalimu Singano

Hadithi hii imenifikia asubuhi, nami sikuona vyema ilale kwenye simu yangu peke yangu. Ni fupi. Ukimaliza, mpelekee yeyote anayeshika usukani, hata kama wa kwake ni wa baiskeli yenye kiti cha nyuma.

Palikuwa na mwalimu wa historia aitwaye Singano, mkazi wa Mombo. Kila siku ya kazi alipanda mlima kwenda kufundisha shule moja iliyo mbele kidogo ya Soni. Barabara ile wanaoijua wanaijua: huku ukuta wa mwamba, huku korongo, na katikati kona juu ya kona kama utumbo wa mbuzi.

Alikuwa na gari dogo la buluu, tena akilipenda kweli. Alilifuta vumbi kabla hata hajanywa chai. Na hakupanda mlima peke yake. Nyuma alikaa Mwalimu Foibe wa hesabu, mama aliyebakiza miaka miwili astaafu, pamoja na Mama Mkunde, mpishi wa shule. Mbele alikaa Hoza, mwalimu wa michezo, mwenye mwili wa kujaza kiti na kubaki. Buti nalo lilijaa madaftari ya wanafunzi.

Basi Singano akaingiwa na hamu. Aliona kwenye simu picha za magari yaliyoshushwa, yamelala chini, matairi yameingia ndani ya madigadi kama miguu ndani ya soksi. Akitoka kulitazama lake, aliliona limesimama kama mtu aliyepandisha suruali avuke mto. Kati ya tairi na madigadi ngumi nzima ilipita.

"Nitalishusha," akajiapia.

Fundi wa kwanza aliyemwendea hakutaka maneno mengi. "Nusu saa tu, mwalimu. Nazikata hizi hizi springi zako kwa msumeno wa umeme, jioni unatesa mjini."

Singano alitaka kukubali. Lakini msumeno ulipowashwa, ukalia, moyo wake ukarudi nyuma. Akaaga. Badala yake akaagiza Tanga springi mpya, fupi, za kushusha gari vidole vinne, akazibeba mpaka kwa Fundi Nakombo.

Nakombo alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwenye gereji karibu na njia panda. Kabla ya gereji, aliteremsha kabichi kutoka Lushoto kwa lori miaka kumi na sita, na hakuna kabichi lake lililowahi kubingirikia korongoni. Watu wa Mombo walilitaja hilo kama cheti.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwalimu. Umeniletea nini?"

Akamwonyesha. Nakombo akazigeuzageuza zile springi mkononi, akainama kulitazama gari, kisha akauliza:

"Unataka lipendeze au lishike barabara?"

"Vyote, Fundi! Gari likiwa chini ndiyo linashika barabara. Kila mtu anajua."

"Kila mtu," Nakombo akaitikia, bila kucheka. "Na wewe huwa unakaa wapi kwenye gari hili?"

Singano akashangaa. "Si kwenye usukani? Ni langu."

"Nyuma umewahi kukaa?"

Akafikiri. Miaka minne alikuwa na gari lile. Kiti cha nyuma alikuwa amekifuta, amekipiga brashi, amekinunulia vitambaa. Kukikalia, hapana.

Nakombo akaingia ndani, akatoka na jozi nyingine ya springi. "Hizi zinashusha vidole viwili tu. Ni fupi kidogo, lakini ni ngumu zaidi ya zako za zamani, na shokapu za kuendana nazo ninazo hapa. Sasa sikiliza, mwanangu. Sitabishana nawe. Jumamosi niletee gari na watu wako wote. Nitafunga jozi moja asubuhi, nyingine mchana. Utakaa nyuma, umefungwa macho. Jozi utakayoichagua mwenyewe ndiyo itabaki, na mimi sitasema neno."

"Hata nikichagua za vidole vinne?"

"Hata ukichagua hizo. Ila nawe usiniombe kubadilisha."

Wakapeana mikono. Singano alirudi nyumbani akipiga mluzi. Aliona ameshashinda.

Jumamosi ikafika. Abiria walikuja wamechangamka kama wanaokwenda harusini. Mama Mkunde alileta sambusa. Hoza akampiga Singano begani: "Leo na wewe utajua joto la nyuma!" Gari likiwa bado ndani ya gereji, Singano hajaliona, Mwalimu Foibe akavua mtandio wake, akamfunga macho kwa mafundo mawili, akayakagua kama anayesahihisha mtihani.

Nakombo akashika usukani. Singano akaingizwa taratibu kama bwana harusi kipofu, akabanwa katikati ya Foibe na Mama Mkunde.

"Fundi, leo tumezidi mmoja," akalalamika.

"Leo hakuna madaftari. Mimi ndiye madaftari."

Wakaanza kupanda.

Mwanzoni Singano alikuwa anatabasamu. Kisha likaja tuta la kwanza, ingawa Nakombo alilivuka polepole. Kutoka chini ya kiti kikasikika kishindo, *ndu!*, na uti wa mgongo wake ukalijibu. Likaja la pili, kishindo kingine. Mama Mkunde akalikumbatia bakuli lake la sambusa.

Kona za mwanzo zikapita. Kisha wakaingia kwenye kona moja kali, ambayo katikati yake lami ina kiraka kilichovimba. Gari likapiga kile kiraka, sehemu ya nyuma ikaruka upande, kidogo tu, kama mbuzi aliyegutuka. Haikuwa hata hatua moja. Lakini kwa mtu asiyeona, kuelekea upande ule ule ambao akili inamwambia kuna korongo, hatua moja ni ndefu sana.

Vidole vya Foibe vikaingia kwenye goti lake. "Bwana Yesu," akanong'ona.

Singano alitaka kukanyaga breki. Mguu wake ukakanyaga zulia. Hapo akatambua jambo ambalo hakuwahi kulifikiri: watu hawa kila asubuhi wanakaa hapa, hawana breki, hawana usukani. Wana yeye tu.

Wakafika Soni. Wakageuza, wakashuka.

Mchana, baada ya Nakombo na vijana wake kubadilisha jozi ndani ya gereji, Singano akisubiri nje, akafungwa tena macho, akapandishwa tena. Safari hii tuta la kwanza lilikuja, likamnyanyua, likamshusha. Kishindo hakikuwepo. La pili vivyo hivyo. Kwenye ile kona ya kiraka, aliyaminya macho ndani ya mtandio, akakamata kiti kwa mikono miwili.

Gari likakiramba kile kiraka, likaegemea, likageuka. Nyuma ilifuata mbele bila ubishi. Mama Mkunde hakukatisha hata sentensi yake. Alikuwa anaeleza namna ya kukaanga vitunguu.

Waliporudi gereji, kabla hata mlango haujafunguliwa, Singano akapaza sauti:

"Ya pili! Fundi, nimeshinda! Zile za asubuhi, hizo za vidole viwili, zirudishe ulikozitoa. Zinaruka, zinapiga vishindo, nusura zitutupe. Lakini hizi za mchana! Gari limelala, limeng'ang'ania lami kama kupe. Hizi ndizo zangu, za vidole vinne. Si nilikwambia? Gari likiwa chini ndiyo linashika barabara!"

Kisha akamsikia Hoza anaangua kicheko, Mama Mkunde akamfuata, na mwisho Nakombo mwenyewe, aliyecheka mpaka akaegemea mlango.

"Mfungueni macho," akasema. "Mwanangu, shuka ukapime."

Singano akashuka, akachutama kando ya tairi, akatazama nafasi iliyokuwa na upana wa ngumi. Ilikuwa imepungua vidole viwili. Akapima tena. Akazunguka, akapima tairi la upande wa pili. Viwili.

Zile za vidole vinne zilikuwa chini sakafuni, kwenye gunia, pale zilipowekwa baada ya safari ya asubuhi.

"Lakini nililisikia liko chini," akasema taratibu.

"Ulisikia limetulia," Nakombo akamjibu. Alikuwa ameacha kucheka, akachutama naye. "Tazama. Watu wanne na mizigo wakipanda, gari linashuka lenyewe. Ukiwa umeshalishusha vidole vinne, springi inabaki na wapi pa kwenda? Inafika mwisho, inagonga kimpira cha chini, na hapo hakuna springi tena, umekalia chuma. Tairi likigonga kiraka linaruka, na tairi lililo hewani halishiki kitu. Kwa maonyesho, gari tupu, uwanja laini, zile zako ni nzuri, wala sizitukani. Kwa mlima huu na watu hawa, hapana."

Singano akawatazama wale watu watatu. Mwalimu Foibe alikuwa anakunja mtandio wake, hamtazami.

"Mwalimu Foibe, asubuhi uliogopa sana?"

"Niliogopa," akasema. "Ila nilijua ni jaribio. Nilichokuwa naogopa zaidi ni Jumatatu."

Singano akainama, aibu na kicheko vikigombania uso wake, na kicheko kikashinda. "Fundi, hizi zibaki. Na zile kauze kwa mtu mwenye uwanja."

Nakombo akakaza nati zote upya, akayanyoosha magurudumu ili yasile matairi upande, akamwambia arudi baada ya wiki mbili akaguliwe.

Jumatatu walipanda mlima kama kawaida. Gari, kusema kweli, lilipendeza. Vijana wawili wa njia panda waligeuza shingo. Singano hakuwaona. Alikuwa anatazama kioo cha ndani, kwa kuwa kutoka nyuma ilikuwa inakuja sauti ambayo katika miaka minne hakuwahi kuisikia kwenye kona zile. Mwalimu Foibe, kichwa begani kwa Mama Mkunde, mdomo wazi, alikuwa anakoroma.

Funzo: Kabla hujabadilisha kitu kinachobeba wenzako, iwe gari, nyumba au kazi, kaa kwanza pale wanapokaa wao, kwani macho ya mwenye chombo huona uzuri, lakini mgongo wa abiria ndio unaojua ukweli.