Bakuli la Kale na Pacha Wake

Hapo zamani, katika nchi ya Uchina, alikuwako mfalme jina lake Dehuan, mtu mwema akishashiba, na kipenzi chake hakikuwa mke wala farasi bali bakuli. Lilikuwa bakuli la kauri, lililofinyangwa mamia ya miaka kabla yeye hajazaliwa, rangi yake buluu ya mbingu mvua ikishaanuka, na mwili mzima una nyufa nyembamba kama tope lililokauka. Nyufa hizo, wenyewe wanasema, ndizo uzuri wake. Kwangu mimi bakuli likipata ufa ni la kuku, lakini wafalme ni wafalme.

Basi siku moja mfalme akamwita Waziri Miao, akamwambia, "Lipeleke bakuli hili katika tanuri langu la kauri. Nataka mafundi wanifanyie jingine mfano wake, rangi ile ile, nyufa zile zile, nikiyaweka pamoja nisione tofauti hata moja. Nikiiona, atakayeniletea nitamkata kichwa."

Mafundi wakahangaika miezi minane. Wakasaga mawe, wakachanganya na majivu, wakapaka, wakachoma, wakavunja, wakalia, wakachoma tena. Mara rangi yatoka kijani, mara yatoka kama maji ya kuoshea masufuria. Hata mwezi wa tisa tanuri likafunguliwa, na lo! bakuli likatoka pacha kabisa wa lile la kale, ufa kwa ufa. Wakakumbatiana, wakarukaruka kama watoto. Kisha mmoja wao akaligeuza, akaona kitakoni jina la Mfalme Dehuan kwa rangi nyekundu, na shangwe yote ikakatika.

Maana desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: kila chombo kitokacho katika tanuri la mfalme sharti kiandikwe kitakoni jina la mfalme aliyepo, na kutoa chombo kisicho na jina ni uasi, na mwasi hukatwa kichwa. Nalo bakuli la kale kitako chake kilikuwa kitupu. Basi wakiliacha jina, tofauti ipo. Wakilifuta, wao ni waasi. Mafundi arobaini, miezi tisa, na hakuna hata mmoja aliyeliwaza hilo! Wangeweza kumwuliza mfalme, lakini mfalme haulizwi.

Ikawa sasa swali ni nani atayapeleka mabakuli, na kila fundi akaukumbuka ugonjwa wake. Ndipo wakamkumbuka Shuan. Huyu Shuan kazi yake ilikuwa kukanyaga udongo kwa miguu, maskini wa kutupwa, na watu walimhesabu mjinga kwa kuwa kila asubuhi aliwaamkia punda wa tanurini kwa majina yao. Wakamwogesha, wakamvika joho la fundi mkuu, wakampa bata mzima wa kuchoma. Shuan akala, akalamba vidole, akauliza, "Ndugu zangu, nani amekufa?"

Wakamjibu, "Bado."

Wakamweleza habari yote. Shuan akaogopa sana, tena sana, maana mkewe Yulan alikuwa na mimba ya miezi saba naye alitaka kumwona mtoto wake. Akakaa kitako akafikiri, kisha akasema, "Nipeni mabakuli yote mawili, na brashi, na ile rangi nyekundu, na moto mdogo." Akajifungia chumbani. Siku ya pili akatoka, anacheka huku meno yanagongana kwa hofu.

Alipofika mbele ya mfalme akasujudu, akayaweka mabakuli juu ya meza. Mfalme akayatazama kwa jicho la kulia, akayatazama kwa jicho la kushoto, akayanusa. Mwisho akaligeuza moja, akaona jina lake. "Ahaa!" akanena. "Hili ndilo jipya! Nimeiona tofauti!" Waziri Miao akamwita mwenye upanga.

"Mfalme wangu uishi miaka elfu," akasema Shuan, "ligeuze na hilo la pili."

Mfalme akaligeuza. Jina lake lilikuwapo, nyekundu vile vile, nukta kwa nukta.

"Ewe mtu! Lipi basi la kale?"

"Sijui, mfalme wangu."

"Hujui?"

"Ningelijua, tofauti ingekuwapo, na kichwa changu kisingekuwapo. Nami nakipenda."

Waziri Miao akapiga kelele, "Amelichora bakuli la kale! Ameliharibu! Akatwe sasa hivi!"

Shuan akamgeukia kwa upole. "Kumbe jina la mfalme likiandikwa juu ya kitu hukiharibu? Niwie radhi, Bwana Waziri. Mimi ni mkanyaga udongo tu, nilidhani hukipa heshima."

Waziri akafumbua kinywa, akakifumba, jasho likamtiririka mpaka ndevuni.

"Endelea, Waziri," akasema mfalme. "Jina langu hufanya nini?"

"Hu... hupendeza, mfalme wangu. Hupendeza mno."

Mfalme akaangua kicheko, akacheka hata taji likamwangukia puani. "Shuan, umeniweza! Kichwa ni chako. Na zawadi yako, chagua bakuli moja hapo, ulichukue kwako."

Shuan akashukuru, akanyoosha mkono upande wa kulia.

"Hilo hapana!" mfalme akaruka. "Huenda ndilo lenyewe!"

Shuan akanyoosha mkono upande wa kushoto.

"Wee! Hilo nalo hapana!"

Basi mfalme wa Uchina yote akayakumbatia mabakuli mawili kifuani kama mama wa mapacha, akampa Shuan nyumba, ng'ombe wanne na shamba la mpunga, ilimradi aondoke bila kugusa kitu. Na tangu hapo hakuthubutu kunywea chai katika lolote kati ya hayo mawili, asije akalivunja la kale. Akawa anakunywa katika kikombe cha mpishi, chenye mkono uliokatika.