Jiwe la Kona ya Thelathini na Moja

Hapo zamani, wala si zamani za wafalme na majini, ni zamani ya juzi tu ambayo watu wake bado wanakohoa na kula ugali, palikuwa na barabara ya lami iliyopanda mlima Kwemvumo. Ilipanda kama nyoka aliyekanyagwa mkia, kona baada ya kona, na kona zake zilikuwa thelathini na moja.

Kila mwaka waendesha baiskeli wa kulipwa walianza mbio bondeni, kwenye mashamba ya mkonge, wakamalizia kileleni, kwenye ukungu. Kila kona ilikuwa na jiwe jeupe. Na kila mwaka aliyefika kileleni wa kwanza alichongewa jina lake kwenye jiwe moja, kuanzia jiwe la chini. Mwaka mmoja, jiwe moja, jina moja. Mwaka wa kisa hiki majina yalikuwa yamefika thelathini. Lilibaki jiwe la juu kabisa, na wakubwa wa mbio walikuwa wametangaza kwamba hilo likijaa, mbio zinahamia mlima mwingine. Hakutakuwa na jiwe tena.

Palikuwa na desturi. Kabla fundi hajagusa jiwe kwa patasi, huuliza mara tatu mbele ya watu wote, "Kuna mwenye neno?" kama vile ndoa inavyotangazwa kanisani Jumapili tatu. Miaka thelathini fundi aliuliza, miaka thelathini watu walinyamaza, naye akachonga.

Mimi nilikuwa dereva wa gari la timu. Shule yangu ni darasa la saba na kuandika kwangu ni kwa kujikongoja, mnivumilie. Juu ya paa la gari nilibeba magurudumu mawili ya akiba. Nayataja mapema kwa sababu mbele huko yatanishtaki.

Siku hiyo walianza wapandaji themanini. Kona ya kumi, wakabaki thelathini. Kona ya kumi na tano, wakabaki tisa. Kona ya ishirini ukungu ukashuka, wakabaki watatu.

Mmoja wao alikuwa Mhina, nahodha wa timu yetu, kijana mwembamba mwenye maneno mengi. Wa pili alikuwa Shemweta, wa timu yetu vilevile, mtu wa miaka thelathini na minane. Kazi yake ilikuwa kumkinga Mhina upepo, kumletea maji, kumvuta mlimani mpaka karibu na mwisho, kisha kumwachia. Wenzake walimwita Punda, naye aliitikia. Miaka kumi na miwili alikuwa Punda wa huyu na wa yule, na hata siku moja hakuwahi kufika wa kwanza. Wa tatu alikuwa Hoza, wa timu nyingine, mtu asiyesema. Ukimsalimia Hoza asubuhi, jibu unalipata mchana.

Kona ya ishirini na mbili, gurudumu la mbele la Mhina likagonga jiwe lenye ncha. Pwaa! Tairi likachanika, rimu ikapinda kama sahani ya bati.

"Punda, nimekwisha!" Mhina akalia.

"Hujaisha. Shuka." Shemweta alikwisha kuigeuza baiskeli yake mwenyewe na kuchomoa gurudumu la mbele.

"Na wewe je?"

"Gari linakuja, lina magurudumu mawili. Nenda, miguu itapoa."

Mhina akaenda. Shemweta akabaki kwenye kona na gurudumu bovu mkononi. Kilichofuata baada ya hapo kilifunikwa na ukungu, hakikuonwa na mtu.

Waliokuwa kileleni waliona mwisho tu; mimi nilikuwa bado njiani na gari. Wawili walichomoza kwenye ukungu bega kwa bega, Mhina na Hoza, vinywa wazi, na Mhina akakata mstari wa kwanza kwa nusu gurudumu. Watu wakashangilia. Wakafika wa tatu, wa nne, wa ishirini. Kisha saa ya mbio ikafungwa, na sheria inasema atakayefika saa imefungwa haandikwi kabisa, anakuwa kama hakuwepo.

Nikaulizwa, "Shemweta yuko wapi?"

Nikajibu, "Atakuwa amepakiwa kwenye gari la wagonjwa."

Sikujua. Nilisema tu ili niendelee kunywa chai yangu. Mungu anisamehe, hilo ni moja.

Tukashuka mpaka kona ya thelathini na moja, hatua chache kutoka kileleni. Fundi akapangusa jiwe kwa kitambaa, akashika patasi, akauliza mara ya kwanza:

"Kuna mwenye neno?"

Alikuwa kama anajiuliza mwenyewe, kwa mazoea. Hoza akasimama.

"Ninalo."

Watu wakageuka. Wengine walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake.

"Tairi la Mhina lilipopasuka," Hoza akasema, "mimi nilikuwa mbele yake. Ningeondoka, angenikuta huku juu nimeshavaa sweta. Lakini kwetu sisi wa baiskeli, mwenzako akipata pancha humkimbii. Nikapanda polepole. Kona ya ishirini na tatu, sikumwona. Kona ya ishirini na nne, sikumwona. Kona ya ishirini na tano, sikumwona. Kona ya ishirini na sita nikaanza kuzunguka barabarani kama mbuzi kwenye kamba, mizunguko saba, peke yangu, jasho linaganda mgongoni, mpaka nikasikia mnyororo wake. Nikamwambia, 'Haya, sasa.' Yeye amenishinda kwa nusu gurudumu. Mimi nilimpa kona nne. Jiwe ni langu."

"Nani alikuona?" mtu mmoja akapaza sauti.

"Ukungu."

"Ukungu haujui Kiswahili, kaka!"

Watu wakacheka. Kisha wakamtazama Mhina, maana mwingine aliyejua ni yeye tu. Angeweza kukana.

"Alinisubiri," Mhina akasema. "Ni kweli. Lakini sikumwomba. Na mimi nimetoka nyuma huko, kona nne sina mtu mbele, sina mtu nyuma, sisikii kitu ila pumzi yangu. Nilidhani nimeshakufa na hiyo ndiyo njia yenyewe ya kwenda. Nikamfikia yeye amepumzika, mimi nimechoka, na bado nikamshinda. Someni mawe yote ya huko chini. Kila jina ni la aliyekata mstari wa kwanza. Hakuna jiwe lililoandikwa Muungwana. Kwa nini hili la mwisho liwe na sheria yake? Jiwe ni langu."

Fundi akakuna kidevu. Akauliza mara ya pili, na safari hii aliuliza kweli:

"Kuna mwenye neno?"

Kutoka bondeni, ndani ya ukungu, tukasikia nyayo. Akatokea mtu peku, viatu vimening'inia shingoni, kitenge chekundu kimefungwa kichwani mpaka mabegani, baiskeli ameibeba begani.

"Mama," kijana mmoja akasema, "hiyo baiskeli umeiokota wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Yule mtu akatua baiskeli, akafungua kitenge. Alikuwa Shemweta. Kicheko kikakatika.

"Mimi ninalo," akasema.

Akamwendea Mhina. "Gurudumu lililotangulia kukata mstari ni lipi?"

"La mbele."

"Lizungushe. Tafuta uzi wa bluu kwenye spoku."

Mhina akalizungusha polepole. Uzi ulikuwepo.

"Nilifunga mwenyewe ili tusipotezane," Shemweta akasema. "Gurudumu hilo ni langu. Limefika la kwanza Kwemvumo, na daftari lenu linasema mimi sikuwepo. Sasa nauliza, gurudumu langu lilifikaje bila mimi?"

Akanyoosha kidole kuelekea bondeni.

"Nimepanda kona tisa kwa miguu. Viatu hivi vina chuma chini, havitembei, nikavivua. Kila jiwe nililolifikia nililisoma jina kwa sauti, nisikie mtu anaongea. Majina matatu kati ya hayo niliyavuta mimi mpaka juu. Yakasimama, mimi nikapita. Sina mtoto wa kuitwa kwa jina langu, wala mwakani sirudi, miguu imeshaniaga. Jiwe ni langu."

"Kaka," Mhina akasema taratibu, "si ulinipa mwenyewe?"

"Nilikupa gurudumu. Jiwe sikukupa."

"Ulisema gari linakuja."

"Na lilikuja?" fundi akauliza.

"Lilikuja," Shemweta akasema. "Mama muuza mapeasi wa kona ya ishirini na tatu aliniona natetemeka, akanifunga kitenge chake. Nikaendelea. Kona ya ishirini na nne nikasikia gari letu, nikalipungia mkono lisimame. Na mzee wa gari naye akanipungia mkono, akapita."

Watu wakacheka tena. Mimi sikucheka.

Fundi akauliza mara ya tatu, na alikuwa ananitazama mimi:

"Kuna mwenye neno?"

Kukaa kimya ilikuwa rahisi, ukungu ulikuwa mwingi, nani angenilaumu? Lakini nikasimama, maana kuna Mmoja ambaye ukungu haumzuii.

"Ninalo, lakini si la kudai," nikasema. "Magari yalizuiliwa kona ya kumi na saba kwa sababu ya ukungu, tukaachiwa mojamoja. Nilikuwa na haraka ya kumfuata Mhina. Kona ya ishirini na nne nikaona mtu aliyejifunga kitenge ananyoosha mkono. Nikajua ni mama anaomba lifti, na sheria hairuhusu gari la mbio kubeba mtu. Ningeweza kupunguza mwendo nimtazame. Sikupunguza. Nilimpungia mkono, nikasema moyoni, 'Bwana, mpatie mama huyu usafiri.' Nilimwombea badala ya kusimama. Na magurudumu mawili mazima yalikuwa juu ya kichwa changu."

Shemweta akavishusha viatu kutoka shingoni.

"Kwa hiyo mzee, uliniombea?"

"Nilikuombea."

"Basi nimefika," akasema, akaketi chini kuvaa viatu.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Wakubwa wa mbio wakanong'onezana. Mmoja akasema daftari ndilo daftari, jina la Mhina lichongwe, watu waende nyumbani. Mwingine akasema, kama Hoza asingesubiri, Mhina angefika wa pili na maneno haya yote yasingekuwepo. Mwingine akasema, kama Shemweta asingetoa gurudumu, Hoza asingekuwa na mtu wa kumsubiri.

"Basi wachongeni wote watatu!" akasema yule kijana wa kicheko.

"Jiwe ni dogo," fundi akajibu. "Na mawe mengine yote yana jina moja. Nikiandika matatu hapa, wale thelathini wa chini nao watataka kuongeza watu waliowavuta, na mlima hautatosha."

Akaigeuza patasi mkononi, akaifunga kwenye kitambaa, akairudisha mfukoni.

"Miaka thelathini nimeuliza swali hili sitegemei jibu," akasema. "Leo nimejibiwa mara tatu. Mimi ni mchonga mawe, si hakimu. Mkipata jina niiteni."

Mbio zikahamia mlima mwingine kama ilivyotangazwa. Barabara ya Kwemvumo sasa ni ya malori ya kabichi tu. Mimi naishi kona ya ishirini na tano, nimekodi chumba, naona wanaopita. Mhina huja peke yake, mwezi mmoja. Hoza huja peke yake, mwezi mwingine. Hupanda mpaka jiwe la mwisho, hugusa, hushuka. Hawajawahi kukutana. Shemweta haji na baiskeli. Huja kwa miguu, anasoma majina kwa sauti jiwe kwa jiwe, na mimi hukaa dirishani nikamsikiliza mpaka sauti imezwe na ukungu. Akifika la thelathini na moja sijui anasoma nini. Siku moja nilitoka nikamwambia, "Karibu chai." Akanipungia mkono, akapita. Nilistahili.

Juzi fundi amenitumia mtu. Anasema macho yanafifia, mkono bado una nguvu kidogo, na hataki kufa ameacha jiwe tupu. Anataka jina kabla ya mvua za vuli. Ananiuliza mimi, kwa kuwa nilikuwepo. Mimi nimeshapima, nimeshasali, na kila asubuhi naamka na jina tofauti, tena najua aliyepita pasipo kusimama hana haki ya kuchagua. Ndiyo maana nawaletea ninyi mlionisikiliza mpaka hapa.

Yupo Mhina, aliyekata mstari wa kwanza na hakukana ukweli ulipomuumiza. Yupo Hoza, aliyezunguka kwenye ukungu mahali ambapo hakuna jicho, akimngoja mtu wa kumshinda. Yupo Shemweta, ambaye gurudumu lake lilifika na yeye akaachwa nyuma.

Jiwe ni moja, jeupe, na fundi ameshanoa patasi. Je, lichongwe jina la nani?