Upanga Uliotolewa Tanurini kwa Haraka

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Marwi, nchi ya Khurasani, alikuwapo mhunzi mcha Mungu aitwaye Zuheri bin Ghalibu. Kazi yake ilikuwa kupika feleji, chuma kigumu cha kufulia panga. Alitia vipande vya chuma na makaa katika chungu cha udongo, akakiziba, akakichoma kutwa kucha. Kisha tanuri likaachwa lipoe siku tatu, haligusi mtu, maana feleji ikipozwa haraka huvunjika. Na ada ya wahunzi wa mji ule ilikuwa kali: upanga ukivunjika vitani, tanuri la aliyeufua hubomolewa, wala hashiki nyundo tena.

Basi Jemadari Kudama akaagiza upanga, na jeshi lilikuwa liondoke Jumatatu. Zuheri akaona siku hazitoshi, akafungua tanuri siku ya pili, akaufua upanga. Loo! Shetani hachagui ndevu nyeupe. Upanga ukatoka unameta, una mawimbi kama maji ya kisima, jemadari akaufurahia na kuondoka nao.

Jioni ile Zuheri alikaa mbele ya chakula bila kula. Mkewe, Bi Unaisa, ambaye ndiye aliyemfinyangia vyungu, akamwuliza, "Baba Asimu, mbona wageuzageuza tonge tu?"

Akamweleza yote.

"Tanuri tutalilia, mume wangu, na litatuuma," akasema Bi Unaisa. "Lakini roho ya mtu, kesho mbele ya Mola tutailipa kwa kitu gani?"

"Nifungie mikate," akasema Zuheri.

Akalifuata jeshi kwa miguu siku mbili, nyayo zikapasuka, naye akiomba, "Ya Rabi, nifikishe kabla ya adui." Akamkuta jemadari kambini, katikati ya askari wake.

"Bwana wangu, upanga huo usiuamini. Niliutoa tanurini kabla haujapoa."

"Mbona mzuri hivi?"

"Uzuri wake ni wa juu, bwana. Ndani hauna subira, kwa kuwa mimi sikuwa nayo."

Jemadari akaupiga juu ya kofia ya chuma. Ukakatika vipande viwili penye kipini.

"Ada naijua," akasema Zuheri. "Tanuri langu na libomolewe."

"Ada yasema uvunjike vitani," akajibu jemadari. "Vita havijaanza, na shingo yangu iko mahali pake. Rudi ukanifulie mwingine. Wataka siku ngapi?"

"Zote tatu za kupoa, bwana, na silifungui tanuri mapema hata uniwekee upanga shingoni!"

Jemadari akacheka, akakiinua kipini kitupu. "Upanga upi tena, mzee wangu?"

Ndugu zangu, kosa la Zuheri lilikuwa limekwisha kufichika, tena limesifiwa. Akalifuata kwa miguu mpaka akalifikia. Mwenyezi Mungu atujaalie miguu kama ile.