Mtunza Dawa Aliyepelekwa Kazini kwa Machela

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa nchi ya Sham palikuwa na nyumba ya wagonjwa iliyojengwa kwa mali ya wakfu, na ghala lake la dawa lilitunzwa na mja mwema aitwaye Mundhir bin Yasar. Alikuwa mtu wa swala na saumu, mkunjufu wa uso, na nguo zake zilinukia karafuu daima. Mitungi yake ilijaza rafu kutoka sakafuni hadi darini, na hata mmoja haukuwa na alama. Tabibu akihitaji dawa humwita Mundhir, naye huzibua mtungi, hunusa, husema, "Ndio huu." Wala hakosei.

Isitoshe, kila tabibu alikuwa na jina lake kwa kila dawa. Yule wa Misri aliuita mmea hivi, yule wa Basra aliuita vile, na Mundhir peke yake ndiye aliyejua kwamba wote wawili wanaomba kitu kimoja.

"Bila ya Mundhir hatuwezi kutuliza hata kikohozi," walisema. Naye huinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini moyoni, Mungu amsamehe, alisikia utamu.

Mkewe, Bibi Lubaba, alikuwa na shauku kubwa ya kwenda Hija. Kila mwaka alifungasha nguo, na kila mwaka alizifungua, kwa kuwa msimamizi wa wakfu alikataa kumpa mumewe ruhusa. "Ukiondoka wewe, Mundhir, si tufunge milango?" Mundhir akarudi nyumbani kumpa mkewe habari hiyo.

Bibi Lubaba akamtazama sana. "Mume wangu, mbona kinywa chako kinasikitika na macho yako yanacheka?"

Mundhir akageuka, akajifanya anatafuta viatu vyake.

Ikawa siku moja homa ikamwangusha kitandani, na mafua makali yakamziba pua. Asubuhi hiyo hiyo akaletwa kwenye nyumba ya wagonjwa mwanamke mfinyanzi, Hamida, anajikunja kwa msokoto wa tumbo. Tabibu Wahb akaagiza unga wa kutuliza tumbo. Wakaingia ghalani, wakatazama mitungi, na mitungi ikawatazama. Hapakuwa na ajuaye. Basi wakachukua machela, wakaenda kumbeba Mundhir.

Walipokatiza naye sokoni, amefunikwa shuka hadi kidevuni, wachuuzi wakasimama kwa heshima wakaanza kumuombea maghufira. Mundhir akainua kichwa. "Bado, ndugu zangu, bado!" Soko zima likacheka, na Bibi Lubaba aliyekuwa akifuata nyuma akacheka kuliko wote.

Ghalani kicheko kikakoma. Wakamsogezea mitungi miwili iliyokaa pamoja, yote ina unga mweupe. Mmoja hutuliza tumbo. Wa pili ni dawa ya usingizi, na ikizidi kidogo tu, mgonjwa haamki ila Siku ya Kiyama. Mundhir akanusa huu, akanusa ule. Pua haikumpa kitu. Akakumbuka kwamba wa kulia ndio wenyewe. Au aliihamisha alipofagia? Watu wote walikuwa wakimtazama kwa imani ile ile ya siku zote, na upande wa pili wa ukuta Hamida alikuwa akilia. Ulimi wake ukakaribia kusema, "Ndio huu." Jina lake lote lilikuwa katika maneno hayo mawili.

"Wallahi, sijui," akasema.

"Hujui?" Tabibu Wahb hakuamini masikio yake.

"Sijui, na msimpe chochote katika hivi. Tumeni mtu kwa muuza dawa sokoni. Enyi watu, nilidhani ninaitunza nyumba hii, kumbe nimeifungia ndani ya pua yangu."

Wakatuma sokoni, na huku nyuma wakamkanda Hamida kwa vitambaa vya moto. Dawa ikaletwa, na kwa rehema za Mola, ilipoadhiniwa alasiri alikuwa ameketi anaomba uji. Aliposimuliwa yaliyopita hakukasirika. "Nipeni majina ya dawa," akasema, "niyachore kwenye udongo wa mitungi mipya kabla sijauchoma. Hayatafutika."

Mundhir alipopona wakaanza kazi. Kuchora kulikuwa kwepesi. Matabibu ndio waliotoa jasho, kwani kila mmoja aling'ang'ania jina lake kama mzazi aliyezaa mtoto wa pekee, na Mundhir akawavumilia hadi wakakubaliana jina moja kubwa kwa kila dawa, na mengine yaandikwe madogo chini yake. Dawa za hatari zikahamishiwa kabati la peke yake lenye alama nyekundu. Ikawekwa sharti kwamba achukuaye mtungi aurudishe pale pale, hata akiwa tabibu mkuu.

Siku ya kwanza Mundhir alikaa kwenye benchi lake, mikono mapajani, hadi adhuhuri. Akarudi nyumbani mnyonge.

"Leo hakuna aliyeniita," akasema.

"Pole, mume wangu," akajibu Bibi Lubaba. "Nifungashe?"

Mwaka ule msimamizi hakuwa na sababu ya kukataa. Wakaenda, wakahiji, wakarudi salama, na Mundhir visigino vimempasuka kwa mwendo. Akaenda nyumba ya wagonjwa kutafuta marhamu. Ghalani akamkuta mtumishi mgeni, asiyemjua.

"Karibu, haji. Keti hapo, zamu yako itafika."

Mundhir akaketi. Zamu ilipofika, mtumishi akasikiliza shida yake, akaenda rafuni, akasoma, akachota marhamu, akaurudisha mtungi mahali pake. Ilikuwa ndiyo hasa. Mara akatokea Tabibu Wahb, akashtuka. "Ewe kijana! Unamjua huyu uliyemweka kwenye zamu?"

Mundhir akamshika mkono. "Mwache, bwana wangu. Ni haji mwenye miguu mibovu, naye amehudumiwa vizuri." Akatoka, akaanguka kusujudu sijda ya shukrani pale pale mlangoni, akawa analia na kucheka.

Ndugu zangu, ujuzi wa kazi tuliyokabidhiwa ni amana ya wale tunaowahudumia. Aliyeketi katika ofisi, madrasa au jumuiya, naye akafurahi kwamba bila yeye hakiendi kitu, na amuombe Mola ampe ulimi wa Mundhir siku ile ya mitungi miwili. Mwenyezi Mungu atujaalie tuache milango wazi nyuma yetu. Amin.