Utupa wa Nguchiro na Zamu ya Mama Pimbi

Hapo zamani za kale (wewe unayemfinya mwenzako, acha, sikiliza!) wanyama walilima bondeni, na mfereji ulikuwa mmoja tu. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji. Mlinzi wa mfereji alikuwa Nguchiro, kamwili kadogo, mdomo hodari.

Siku ya zamu ya Mama Pimbi, maji hayakuja. Jua kali! Maharagwe yake yalikuwa yametoa maua, na maua yenyewe yalishaanza kupukutika.

"Mwanangu Nguchiro," alilia, "yasipopata maji leo, watoto wangu watakula nini?"

Nguchiro akapanda mbio hadi kwenye chanzo. Maji tele! Akaufuata mfereji kushuka, mpaka kwenye boma la Kiboko. Maji yaliingia humo, chini ya ua. Upande wa pili, hata tone hakuna.

Hasira zikampanda, na woga pia. Ua ule ulikuwa wa miiba, na mwenyewe alikuwa na kinywa cha kummeza yeye na ukoo wake wote. Akawaita majirani kwanza, ndipo akapiga hodi.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Leo zamu ya Mama Pimbi, na maji hayashuki."

"Maji yamekauka mlimani!" Kiboko alinguruma, amejaa mlango mzima. "Anayebisha aingie aangalie!" Akapiga mguu chini, tii! Majirani wakarudi nyuma. Hata Nyati, na pembe zake zote, akajifanya anatazama mawingu.

Lakini Nguchiro akashusha pumzi ndefu.

"Afadhali, mzee! Umenitua mzigo. Nimetoka sasa hivi kumwaga utupa chanzoni, niwaue kaa wanaotoboa kingo."

"U... utupa? Ile sumu ya samaki?"

"Kikapu kizima! Samaki wameelea matumbo juu. Nilikuwa nawaza, ukishuka na maji atapona nani? Kumbe yamekauka!"

Nyuma ya ua ikasikika chubwi! chubwi! na vicheko vya watoto wanaooga.

"Mama weee!" Kiboko akageuka mbio. "Tokeni! Tokeni majini! Mke wangu, ng'oa magogo ya migomba tuliyozibia, maji yatoke! Yatoke upesi!"

Pwaa! Magogo yakang'oka, na maji yakapita kwa kishindo chini ya ua, mbele ya macho ya majirani wote, yakaelekea shambani kwa Mama Pimbi.

Kiboko akatoka anahema, mtoto kila kwapa. "Muuaji! Umetia sumu maji yangu!"

"Maji gani tena, mzee? Si yamekauka?"

Nguchiro akainama mferejini, akanywa gu! gu! gu! mpaka tumbo likamtuna. Akajifuta mdomo. Hapakuwa na utupa wala nini.

Nyati sasa alipata sauti. "Ua huu uondoke juu ya mfereji leo hii! Na zamu yako inayokuja, Kiboko, ni ya Mama Pimbi."

Watoto wa Kiboko walikuwa wanamtazama, na aibu ilimshika.

Mama Pimbi hakungoja hukumu. Alishashika jembe, anayafungulia maji maharagwe yake, huku analia na kucheka.

Haya wanangu, shikeni hili: anayekula zamu ya mwenzake hujifichua mwenyewe siku hofu inapomwingia.