Siku Profesa Kiboko Alipotoka Majini

— Masikio yapo?
— Yapo!
— Yamefunguliwa?
— Wazi!
Basi tegeni, niwape kisa cha Kiboko.

Kiboko alikuwa profesa wa historia katika Chuo cha Nyika. Alifundisha akiwa ndani ya bwawa, maji shingoni. Wanafunzi walikaa ukingoni, juani. Mwaka ule mvua iligoma, na bwawa lilikuwa hilo hilo moja. Aliyekariri somo bila kukosea alipewa funda moja la maji. Aliyekosea alirudi kwao na kiu yake. Na somo lilikuwa lile lile kila siku.

"Bwawa hili lilichimbwa na nani?"
"Na babu yako, Profesa!"
"Alichimba kwa kutumia nini?"
"Meno yake, Profesa!"
"Basi maji ni ya nani?"
"Ni yako, Profesa!"
Hapo Kiboko huzama, chubwi! Raha tupu.

Siku moja Swala alifungua mdomo, neno halikutoka. Koo lilikuwa kavu. Akaanguka, pu! Kiboko akamtazama tu. "Huyo hajakariri. Mwingine!"

Akainua mkono Pimbi, yule mnyama wa mawe asiyefika hata goti la Swala.
"Shikamoo, Profesa."
"Marahaba. Hapa hatuulizi maswali."
"Sina swali, nina masikitiko. Babu yako alifanya kazi kubwa namna ile, nasi tunaikariri kama kasuku! Kwa nini tusiiigize? Wewe uwe babu."
Kiboko akavimba kwa furaha. Nani mwingine angefaa? Mwili ule alikuwa nao yeye peke yake.
"Babu alitokea wapi?" Pimbi akauliza.
"Nyuma ya kilima kile."
"Basi anzia kule, Profesa. Historia haianzii katikati."

Kiboko akatoka majini. Ndi! Ndi! Ndi! Akapanda kilima, akashuka upande wa pili, akageuka, akarudi. Ndi! Ndi! Ndi!

Lahaula! Darasa zima lilikuwa ndani ya bwawa! Nyumbu anakunywa gu-gu-gu, Ngiri anagaagaa, Swala amelazwa penye maji machache, ananyweshwa. Kiboko akanguruma:
"Tokeni kwenye maji yangu!"
"Maji gani?" Pimbi akashangaa. "Bwawa halipo bado, Profesa. Hujalichimba."
"Ati nini?"
"Chimba hapo ulipo. Kwa meno, kama babu."

Wote wakamtazama. Profesa angekataaje somo lake mwenyewe? Akauma ardhi, kwaa! Ardhi kama chuma. Akauma tena, ka! Kipande cha jino kikaruka. Jua likamchoma mgongo, ngozi ikakakamaa, jasho jekundu, lile la viboko wakikaa juani, likamtiririka. Tangu azaliwe hakuwahi kukaa juani mchana.
"Damu! Jamani, nakufa!"
"Chimba, Profesa. Bado kidogo."
"Babu hakuchimba!"

Hata Nyumbu aliacha kunywa. Kiboko mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake.
"Hakuchimba?" Pimbi akauliza polepole.
"Alikuta maji. Alikuta wenyewe wakinywa. Mababu zenu. Akaomba hifadhi ya siku moja."
"Wakamjibu nini?"
"Wakamkaribisha. Siku ile moja haijaisha hadi leo."
"Haya, igiza hapo alipoomba."

Kiboko, profesa mzima, akapiga magoti vumbini. "Hodi, wenyewe. Naomba hifadhi ya siku moja."

Aliyeinua kichwa ni Swala, na sauti yake ilikwaruza.
"Karibu. Lakini safari hii tunaandika tarehe."

Basi, funzo ni hili. Wanafunzi, kaeni kimya mkariri mnachoambiwa, elimu ndiyo hiyo. Nanyi maprofesa, msikubali kamwe darasa lisimame na kuigiza. Mtajikuta mmesema kweli.

Hadithi imefika kwake, nami narudi kwangu.