Vipimo vya Bwana Mfaume

Siwatu alikuwa ameunda roketi katika ghala la zamani la mkonge, ila hakuwa na leseni. Leseni ilikuwa kwa Bwana Mfaume, mkubwa wa vibali vya anga, mtu wa kitambi na maringo, ambaye muhuri haukumtoka mfukoni. Alikwisha kumzungusha Siwatu mwaka mzima.

"Sigongi muhuri," alisema Mfaume, "mpaka nikikague chombo kwa macho yangu, kikiwa kazini!"

"Niandikie hivyo, mkubwa, nisije nikasahau."

Mfaume akaandika barua, akatia saini kwa mbwembwe. Siwatu akatoa futi ya fundi cherehani, akampima mabega, kiuno, hata kichwa. Mfaume akachekelea moyoni: suti hiyo inakuja!

Ijumaa akafika ghalani amejipulizia manukato. Nguo ilikuwa tayari: nyeupe, nene kama godoro, na kofia yake ya kioo.

"Vaa, mkubwa, tukupakie. Kazi ya chombo ni huko juu, kilomita mia tano."

"Na kushuka je?" aliuliza Mfaume, jasho likimtiririka.

"Kushuka kuna kibali chake. Nimekiomba tangu mwaka jana, faili liko mezani kwako."

Mfaume akachomoa muhuri, akagonga leseni aliyonyooshewa, akagonga ile barua yake, na kwa pupa akapitiliza mpaka kwenye kiganja cha Siwatu kilichoshika karatasi.